Kifurushi na Basi: virusi vya wanyama vinavyotumwa kupeleka jeni za wengine

Ukimuuliza mfugaji wa kuku Gumboro ni neno la kabila gani, huenda akakujibu la Kimakonde au la Kisukuma. Lina mlio wa kwetu kabisa. Kumbe ni kijiji cha jimbo la Delaware, Marekani, na ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962.

Ndio ugonjwa unaompa mfugaji hesabu ngumu kuliko yote. Kifaranga huanguliwa akiwa na kingamwili alizorithi kwa mama kupitia kiini cha yai. Zinamlinda, lakini hizo hizo zinaiua chanjo anayonyweshwa kwenye maji, kwa sababu chanjo hiyo nayo ni kirusi hai kilichopunguzwa makali. Ukichanja mapema, chanjo inakufa kabla haijafanya kazi. Ukichelewa, kinga ya mama imekwisha na ugonjwa umeshaingia bandani. Ndiyo maana ratiba iliyobandikwa ukutani kwenye duka la dawa za mifugo inasema siku ya 10, ya duka la jirani inasema siku ya 14, na mzoefu anachanja siku zote mbili. Ni kubahatisha kwa heshima.

Siku hizi wapo wanaonunua vifaranga walioshachomwa sindano moja ya shingoni siku ile ile ya kuanguliwa, na wanaambiwa kwamba habari ya Gumboro imekwisha. Wengi hawaamini, na nawaelewa. Hakuna aliyewaeleza kilichomo ndani ya sindano ile. Humo hamna kirusi cha Gumboro, hai wala kilichokufa. Kuna kirusi cha bata mzinga ambacho kimepachikwa jeni moja ya Gumboro, kikatumwa kuingia mwilini mwa kuku na kuisoma jeni hiyo humo humo.

Jinsi jambo hilo linavyowezekana ndiyo habari ya makala hii, na mfano mkubwa nitakaoutumia hautoki Marekani. Unatoka kwenye maabara za utafiti wa mifugo za Muguga, nje kidogo ya Nairobi.

Kwanza, basi lenyewe. Mtu wa Mbeya anayetaka kumpelekea nduguye simu Dar es Salaam hana haja ya kununua gari. Anaenda stendi, anampa kondakta kifurushi, anapiga simu: basi namba fulani, litafika saa fulani. Basi halikutengenezwa kwa ajili ya simu ile, wala halibadilishi njia kwa ajili yake. Kama haliendi Tanga, kifurushi hakitafika Tanga hata ukiandika anwani kwa wino wa dhahabu. Kirusi kibebaji ni hivyo hivyo. Kina seli kinazojua kuziingia na wanyama kinaowamudu, kina joto kinalovumilia. Jeni ya kigeni ni kifurushi tu. Sifa nyingi hupewa kifurushi, kwa sababu ndicho kipya, lakini katika habari hii yote utaona kwamba basi ndilo lililoamua safari ifike wapi.

Virusi vya jamii ya ndui ni mabasi makubwa. Jeni zao zimeandikwa kwenye uzi mrefu wa DNA, karibu herufi 150,000 kwa ile ndui ya kondoo, mbuzi na ng'ombe. Mle mna jeni ambazo kirusi kinaweza kuishi bila hizo kikiwa maabara, kwa hiyo nafasi ya mzigo ipo. Tena kirusi cha ndui hakiingii kwenye kiini cha seli kuomba mashine za mwenyeji. Kinakaa nje ya kiini na kuendesha karakana yake chenyewe, kwa vimeng'enya vyake. Hapo pana faida na sharti. Faida ni kwamba jeni zake hazijichomeki kwenye DNA ya mnyama. Sharti ni kwamba vimeng'enya hivyo vinatambua alama za ndui peke yake, kwa hiyo ukitaka kirusi kiisome jeni ya kigeni, lazima mbele yake utangulize kipande cha DNA cha ndui kinachosema "anza kusoma hapa".

Mwaka 1982 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalionyesha kwamba mchezo huu unawezekana kwa kutumia vaccinia, kirusi kile kile kilichotumika kuchanjia watu ndui. Namna yake inashangaza kwa unyonge. Hakuna anayeshika uzi wa kirusi na kuukata kwa mkasi. Unatengeneza kipande kidogo cha DNA, duara, chenye jeni unayoitaka katikati, na kulia na kushoto unaweka vipande vinavyofanana na jeni ya kirusi ambayo hukosi usingizi ikiharibika. Inayopendwa sana ni ile ya kimeng'enya kiitwacho thaimidini kinesi, kwa sababu kuiharibu kunakipunguza kirusi makali vilevile. Unaviingiza vyote viwili, kirusi na duara, ndani ya seli moja. Kirusi kinapojinakili, mara moja moja kinateleza: kinafuata kipande kinachofanana na chake, kinajikuta kimebeba na cha katikati.

Kuteleza huko ni kwa nadra, na hapo ndipo kazi ya mikono inapoanza. Seli zimetandazwa kwenye sahani ya plastiki, tabaka moja, kama ugali uliopakwa chini ya sufuria. Kila palipotua kirusi kimoja, baada ya siku kadhaa seli za pale zinakufa na kuacha kitundu ambacho ukielekeza sahani kwenye taa unakiona kwa macho. Mtafiti ameshamwaga dawa inayoviua virusi visivyobeba mzigo, maana pamoja na jeni anayoitaka alipachika nyingine ya kustahimili dawa hiyo. Anachagua kitundu, ananyonya kwa mrija mwembamba, anahamishia sahani mpya, anangoja tena. Anarudia mpaka awe na hakika kwamba vitundu vyote vimetoka kwa babu mmoja. Wiki zinapita. Ukisikia mtu anasema "uhandisi wa jeni", fikiria huyu aliyeinama juu ya sahani akihesabu matundu.

Sasa Muguga, na sotoka, ile tauni ya ng'ombe.

Wazee wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sotoka ni nini. Iliingia kupitia pembe ya bara mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika kusini kabisa kabla ya karne kwisha. Njiani ilifagia ng'ombe, nyati na nyumbu kwa kiwango ambacho jamii za wafugaji, Wamaasai hasa, bado zinakihesabu kuwa ni mwisho wa zama. Kirusi chake ni ndugu wa surua ya binadamu. Kina uzi wa RNA wenye jeni sita, na juu ya ganda lake kimevaa protini mbili: moja ya kushika seli, nyingine ya kutoboa njia ya kuingilia. Watu wa maabara wanaziita H na F. Mwili wa ng'ombe ukishazifahamu hizo mbili, kirusi chote hakina pa kupitia.

Chanjo nzuri ya sotoka ilikuwepo tayari. Daktari wa mifugo Walter Plowright, akiwa Muguga, alikipitisha kirusi cha aina ya Kabete kwenye seli za figo za ndama mara 90 hivi mpaka kikasahau ukali wake, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 chanjo hiyo ilikuwa inatumika. Dozi moja ilitosha maisha. Nyumbu wa Serengeti wenyewe ni ushahidi: hawakuchanjwa, lakini ng'ombe waliowazunguka walipochanjwa, ndama wa nyumbu waliacha kufa kwa sotoka, na kundi la takriban robo milioni likapita milioni moja katika miaka ya 1970.

Chanjo ya Plowright ilikuwa na kasoro mbili. Ilitaka barafu kutoka kiwandani hadi kwenye boma, na barafu haina urafiki na Turkana wala Karamoja. Ya pili ni ya kiakili zaidi: ukimpima ng'ombe damu na kukuta kingamwili za sotoka, huwezi kujua kama alichanjwa au aliugua akapona. Nchi inayotaka kutangaza kwamba haina ugonjwa inakwama hapo.

Watafiti wa taasisi ya Pirbright, Uingereza, kwa kushirikiana na wenzao wa Muguga, wakaja na basi. Walichukua kirusi cha chanjo ya ndui kilichotolewa kwa kondoo wa Kenya, kiitwacho KS-1, wakakipachika jeni za H na F za sotoka zilizogeuzwa kutoka RNA kuwa DNA. (Chupa inasema kondoo, lakini usomaji wa jeni wa baadaye ulionyesha kwamba KS-1 ni wa ukoo wa mapele ngozi, ugonjwa wa ng'ombe. Virusi havisomi lebo.) Faida za basi hilo zilionekana mapema. Ndui ya jamii hii haimpati binadamu. Ikikaushwa inavumilia. Na dozi moja inamlinda ng'ombe na magonjwa mawili, sotoka kwa mzigo na mapele ngozi kwa basi lenyewe.

Tena lile swali la kupima damu likajibika lenyewe. Ndani ya kirusi halisi cha sotoka mna protini nyingine, N, inayoshikilia uzi wa RNA. Basi halikuibeba. Kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa ana kingamwili za H na F bila za N. Aliyeugua ana zote. Kipimo kimoja cha N kinawatenganisha. Hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo zuri kuliko yote katika chanjo hizi, kuliko hata kinga yenyewe: hazimfichi mgonjwa.

Majaribio kwa ng'ombe yalifanyika Kenya katika miaka ya 1990, na matokeo ya muda mrefu yakachapishwa mwaka 2002. Waliochanjwa hawakuonyesha madhara, na kirusi cha chanjo hakikuwahamia ng'ombe waliokaa nao. Kisha wakawekewa sotoka kali. Miaka 2 baada ya chanjo, karibu nusu tu walikuwa na kinga kamili. Miaka 3, karibu asilimia 30. Chanjo ya zamani ilikuwa inatoa kinga ya maisha.

Kwa nini pungufu? Turudi stendi. Kirusi cha Plowright kilikuwa sotoka yenyewe iliyolegezwa. Kiliingia kwenye seli zile zile za kinga ambazo sotoka huziendea, na kuuonyesha mwili protini zake zote. Kirusi cha ndui kilipita njia ya ndui, kikafikisha protini mbili. Mzigo ulikuwa sahihi, ila njia ilikuwa nyingine.

Wakati hayo yanaendelea, kasoro ya barafu ilitatuliwa kwa namna isiyo na uhandisi wowote. Mtafiti Jeffrey Mariner na wenzake walibadilisha seli za kukuzia na namna ya kuikausha chanjo ile ile ya zamani, ikaweza kukaa wiki kadhaa nje ya jokofu. Wahudumu wa mifugo wa vijijini, wengine wasiojua kusoma, waliibeba kwa miguu na ngamia hadi kule magari yalikoshindwa. Sotoka ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001 kwa nyati wa Meru, Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kuwa imetokomea. Chanjo ya basi haikuhitajika.

Kwa hiyo ilikuwa kazi bure? Sidhani, na mbweha wa Ulaya watanisaidia.

Huwezi kumkamata mbweha umchome sindano. Lakini unaweza kumtupia chakula. Katikati ya miaka ya 1980 jeni ya protini ya juu ya kirusi cha kichaa cha mbwa ilipachikwa ndani ya vaccinia, ikatiwa kwenye kifuko, kifuko kikafunikwa kwa tope la unga wa samaki. Mbweha akiuma, chanjo inamwagika kinywani, na vaccinia inaingia kupitia utando wa koo. Ubelgiji ilianza kuvitawanya msituni mwaka 1987, baadaye kwa helikopta. Ubelgiji na Ufaransa zikasafika kichaa cha mbweha. Hapa basi ndilo lililofanya kazi isiyowezekana kwa njia nyingine: lilistahimili hali ya hewa, likapita mdomoni, na wala halikuwa kichaa cha mbwa hai kinachotupwa porini.

Lakini vaccinia, tofauti na KS-1, inampata binadamu. Mwaka 2000 huko Ohio, mwanamke mjamzito alimnyang'anya mbwa wake chambo cha namna hiyo, akang'atwa, akapata vidonda vya vaccinia. Alipona na mtoto akazaliwa salama. Ni tukio la nadra sana kati ya mamilioni ya vyambo. Ila linaonyesha kwamba unapochagua basi unachagua na abiria wake wengine. Mapema zaidi, mwaka 1986, chanjo hiyo hiyo ilijaribiwa kwa ng'ombe huko Azul, Argentina, bila serikali ya nchi hiyo kuombwa ruhusa, na vibarua wakiwakamua ng'ombe hao. Kelele zilizofuata zilikuwa za haki. Hofu ya watu kuhusu virusi vilivyotengenezwa haikuzuka hewani tu; nyingine ilipandwa na wanasayansi wenyewe.

Yapo pia mabasi yanayofika kituo cha kwanza na kuzima injini. Kirusi cha sokwe kiitwacho adenovirusi, kikinyang'anywa jeni za kuzaliana, kinaingia kwenye seli, kinasoma mzigo wake, kisha hakina mtoto. Kundi la George Warimwe, anayefanya kazi kati ya Kilifi na Oxford, limekitumia kubeba protini za juu za kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ulioelezwa kwanza kwa kondoo karibu na Naivasha mwaka 1931 na ulioua mamia ya watu Kenya, Somalia na Tanzania kati ya 2006 na 2007. Imeleta kinga kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe, na wazo lao ni kwamba chupa ile ile ije itumike kwa mchungaji na kwa mbuzi wake. Chanjo za zamani za homa hii zenye kirusi hai zina sifa mbaya ya kutoa mimba. Hii, kwa kuwa haizaliani, imejaribiwa hata kwa kondoo na mbuzi wenye mimba. Na wasomaji wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, waliochanjwa Ebola kuanzia 2018 walipewa ndugu wa mbinu hii: kirusi cha malengelenge ya mdomoni ya ng'ombe na farasi, kilichovuliwa koti lake na kuvishwa la Ebola.

Turudi kwa kuku, maana bado nina deni.

Kirusi cha bata mzinga kimetumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwalinda kuku na ugonjwa wa Mareksi, unaoleta uvimbe wa saratani, kwa sababu ni ndugu wa kirusi cha Mareksi na hakimdhuru kuku. Ni jamii ya herpesi, na tabia ya herpesi ni kutoondoka: kikiingia kinakaa maisha yote, kimejificha ndani ya seli. Kipachike jeni ya koti la Gumboro na kuku ana mwalimu anayemkumbusha somo mpaka siku anapochinjwa. Na kwa kuwa kinatembea kutoka seli hadi seli bila kujianika kwenye damu, kingamwili za mama hazikioni sawasawa, wala mle ndani hamna kirusi cha Gumboro cha kukizima. Ile hesabu ya siku ya 10 au ya 14 inakosa maana. Aina nyingine hubeba jeni ya F ya mdondo (Newcastle). Usiunganishe mbili kwa kuku mmoja bila kusoma maelekezo, kwani mabasi mawili ya kampuni moja hugombea abiria, na mmoja wa mizigo huenda usifike.

Nimesimama kwenye chumba cha chanjo cha kituo kimoja cha kutotolesha. Chupa hizi hazikai kwenye friji. Zinazama ndani ya nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, kwenye mtungi unaofuka moshi mweupe ukiufungua, na anayezitoa amevaa glavu nene na ngao ya uso. Kichupa kinayeyushwa kwenye beseni la maji ya nyuzi 27, kinachanganywa, na kuanzia hapo saa inakimbia. Saa moja au mbili na chanjo iliyobaki inamwagwa. Vifaranga wanapita mmoja mmoja, ngozi ya shingo inavutwa kwa vidole viwili, sindano inalia tik. Ukiuona mtungi ule unaelewa mara moja kwa nini kuku wa kienyeji wa Singida hatachanjwa kwa basi hili hivi karibuni. Yeye anapewa tone la jicho la I-2, chanjo ya mdondo inayovumilia joto, inayotengenezwa Kibaha, isiyo na jeni ya mtu mwingine.

Kuna wasiwasi mmoja wa Mareksi ambao siwezi kuuruka. Chanjo hii inazuia uvimbe wa saratani lakini haizuii kirusi kikali kuingia na kutoka. Mwaka 2015 mtafiti Andrew Read na wenzake walionyesha kwamba kuku wasiochanjwa waliopewa aina kali mno walikufa upesi kabla ya kuambukiza wengi, ilhali waliochanjwa waliishi na kumwaga kirusi kwa wiki nyingi. Chanjo ikawapa virusi vikali nafasi ya kuishi. Hilo si kosa la uhandisi, maana chanjo isiyopachikwa kitu inafanya vivyo hivyo. Vivyo hivyo kwa mapele ngozi: tangu 2017 aina iliyochanganyika imekuwa ikisambaa kutoka Urusi hadi Asia, na jeni zake zinaonyesha ilizaliwa kwa chanjo mbili za kawaida kukutana na kubadilishana vipande. Kukata na kuunga, virusi vilijua kabla yetu.

Na sasa sotoka ya mbuzi na kondoo. Ilithibitishwa Kenya mwaka 2006, Tanzania 2008, na mashirika ya dunia yamepanga kuitokomeza ifikapo 2030. KS-1 imeshabebeshwa jeni yake ya F. Mwaka 2003 ilichapishwa kwamba dozi ndogo ajabu iliwalinda mbuzi, pamoja na kuwakinga na ndui. Tatizo lake ni la basi tena: mbuzi aliyewahi kuchanjwa ndui anaweza kulisimamisha basi mlangoni kabla halijashusha mzigo. Chanjo inayobebwa kwenye masanduku ya barafu hadi Loliondo na Turkana leo ni ile ya kawaida, Nigeria 75/1. Ni chanjo nzuri. Ila damu ya mbuzi aliyechanjwa nayo na ya mbuzi aliyeugua akapona zinasoma sawa kwenye kipimo, na afisa mifugo mwenye mirija 40 kwenye kisanduku analazimika kumuuliza mwenye mbuzi kama anakumbuka ni yupi alichomwa.